Gogo Lililopigwa Msasa

Dada yangu ni mchongaji, na hajawahi kukata mti ulio hai. Hapa Umoja, mtaa wetu wa Nairobi, hicho ni kichekesho. Mchongaji asiyekata mti, wanasema, ni kama mwenye bucha anayeogopa damu. Yeye huenda Kiamaiko asubuhi kuokota pembe za mbuzi ambazo wachinjaji wamezitupa. Huzoa majivu kwa mama anayepika githeri ya mahindi na maharagwe, huchimba udongo mweusi kando ya mto, na mbao anazotumia ni za miti iliyoanguka yenyewe au iliyoangushwa na wengine kwa sababu zao. Vitu hivyo huvipanga kwenye baraza ya nyumba aliyotuachia baba, akakaa navyo miezi kabla ya kuvigusa, akitazama jinsi vinavyobadilika. Kuna watu wa mjini wanaokuja kuvitazama na kuvipiga picha. Majirani humwita Mama Taka. Wakimwona anarudi na gunia la pembe humuuliza, "Mama Taka, leo ni supu ya nini?" Naye hujibu kwamba supu imeisha, wamechelewa, vimebaki vyombo.

Mimi ni mdogo wake. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo sijatulia mahali. Nimekuwa utingo wa malori, nimeuza viatu Muthurwa, nimelinda shamba la maua Naivasha, nimeishi Mombasa mara mbili na Kitale mara moja. Kila nilipokaa niliota Umoja, harufu ya sabuni na mahamri na mafuta ya taa, na kila niliporudi Umoja miguu iliniwasha kabla ya wiki ya tatu kwisha. Nayasema haya kwa sababu yana sehemu yake katika yaliyotokea. Nina hasira na watu wengi katika hadithi hii na sitaki kujiacha nje.

Baba alikuja Nairobi kutoka Ukambani na tezo moja iliyofungwa ndani ya gunia. Alichonga maisha yake yote katika kibanda kimoja cha wachongaji upande wa Shauri Moyo, ambako wanaume walikaa juu ya magogo wakikata twiga, vifaru na wazee wenye mikuki kwa ajili ya maduka ya watalii. Kazi ya kibanda ilikuwa na mpangilio wake. Mmoja alipasua gogo, mwingine akalitoa umbo kwa tezo, wa tatu akatia macho na masikio kwa kisu. Kisha kitu kilipelekwa kwenye kona ya ndani kabisa, penye paa zima lisilovuja, ambapo wanawake walikaa na msasa, nta na makopo ya rangi ya viatu. Kona hiyo ilikuwa na sheria moja. Kilichowekwa pale hakikuulizwa ni cha nani wala kimetoka wapi. Kilipigwa msasa mpaka kiteleze, kikapakwa, kikasuguliwa kwa kitambaa, kikahamishiwa upande wa pili wa ukuta. Mwanamke aliyeanza kuuliza maswali angerundikiwa kazi mpaka Krismasi.

Dada yangu alikulia katika kona hiyo. Tezo haikuwa ya wasichana. Alipiga msasa twiga wa kujaza mbuga nzima, na vidole vyake vikawa laini bila alama, hivi kwamba alipokwenda kuchukua kitambulisho karani alikosa alama za vidole, akamtuma akapumzishe mikono kwanza. Huko ndiko alikoanza kuchukia kitu kinachong'aa. Aliniambia mara moja kwamba kila mti uliofika pale ulikuja na maisha yake, mahali ulipogongwa na tawi la jirani, mahali mchwa walipopita, na kazi yake yeye ilikuwa kuyafuta.

Tena kulikuwa na jambo la muhugu, ule mti mgumu wa kuchongea. Baba na wenzake walichonga muhugu mpaka muhugu ukawa hadithi. Ulipoisha waligeukia mjakaranda, mti mweupe na mwepesi, wakaupaka rangi nyeusi ya viatu na kumuuzia Mzungu kwa jina la mpingo. Baba alilijua hilo na lilimkaa rohoni. Uzeeni, mikono ikitetemeka, alimkabidhi dada tezo yake mbele yangu mimi mwana wa kiume, nami sikuona wivu kwa sababu nilikuwa nimeshapanga safari. Alimwambia, "Sisi tuliula msitu. Wewe usirudi mezani." Dada hakurudi.

Sasa nije kwenye mti wenyewe.

Mbele ya nyumba zetu palikuwa na uwanja. Nyumba za Umoja zilipojengwa zilikuwa ndogo na zenye adabu, na katikati ya kila kundi la nyumba paliachwa nafasi ya watoto na ya kupumua. Kisha watu wakaanza kuongeza chumba mbele, kisha duka mbele ya chumba, kisha ngazi na ghorofa juu ya duka, mpaka nyumba zikawa zinaingiliana mabega. Uwanja wetu ulisalia. Palifungwa mahema ya harusi pale, palikaliwa vikao vya matanga, kwaya zilifanyia mazoezi pale. Na katikati palisimama mjakaranda mmoja mkubwa uliokuwa kamba ya nguo ya kila nyumba. Kila familia ilikuwa na msumari wake katika ule mti, na kamba yake kutoka kwenye msumari hadi ukutani kwake. Msumari wa mama ulikuwa juu kuliko yote kwa sababu alikuwa mrefu na hakupenda shuka zake ziguse ndoo za watu. Mwezi ambao maua yalianguka, tulivaa mashati meupe yenye madoa ya zambarau shuleni, na mwalimu alitujua kwa madoa hayo.

Baba naye alipigilia kibati. Wageni walikuwa wakipotea kutafuta nyumba, basi alikata kifuniko cha debe, akakipaka rangi nyeupe, akaandika namba za nyumba zetu, ya kwanza hadi ya mwisho, na mshale chini yake. Aliandika kwa mkono wake, na namba saba aliikata katikati kama alivyofundishwa na wamisionari. Mti uliendelea kunenepa. Ukaimeza misumari ya zamani, ukavimba kuzunguka kibati kama mdomo unaofunga, hadi baba alipokufa kingo zote zilikuwa ndani ya gome na namba zilionekana kama mtu anayechungulia dirishani.

Mwaka jana, asubuhi ya siku ya kazi, watu wazima wengi wakiwa wameshaondoka, walikuja watu na mabati mapya na nguzo. Kufikia saa nne uwanja ulikuwa umezungukwa. Mwenye mabati hakuja mwenyewe siku hiyo. Alituma karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba ile ni ploti yake. Saa tano msumeno wa mashine ulikuwa umeshaingia kwenye mjakaranda.

Dada alipita chini ya bati ambalo halijapigiliwa, akaketi juu ya shina lililokwisha kuanguka, pale penye kibati na misumari. Alitandika leso yake kana kwamba yuko kanisani. Yule wa msumeno alimwambia, "Mathee, toka hapo, hii mashine haijui mtu." Akamjibu kwamba hata aliyeituma hajui mtu, kwa hiyo wanalingana, na kwamba yeye hana haraka. Walikata matawi, wakayapakia, wakauza kuni papo hapo kwa mwenye hoteli. Yeye alikaa. Jua likageuka. Mwishowe walichoka naye, wakakata pande zote mbili za alipokaa, wakamwachia kipande kinachomzidi mtu urefu. Wiki iliyofuata tingatinga liling'oa kisiki, wakamwaga murram juu, ule udongo mwekundu wa barabara, na ukiutazama uwanja ungesema hapajawahi kuota hata jani.

Na ndivyo walivyosema. Wakazi walilalamika, ikaundwa kamati ya kusikiliza, na mbele ya kamati hiyo mwenye mabati, mtu mpole mwenye sauti ya mazishi, alieleza kwamba ploti ilikuwa yake miaka mingi, tupu, bila mti, bila matumizi ya mtu yeyote. Majirani wachache tu walithubutu kushuhudia. Wengine ni wapangaji na walinong'onezwa habari ya kodi. Tulionyesha picha kwenye simu, mimi mdogo nikiwa na shati la shule na mti nyuma yangu, picha ya picha iliyokuwa kwenye albamu ya mama. Mwenyekiti wa kamati aliitazama, akasema picha siku hizi hutengenezwa na kila mtu. Ramani ilipotafutwa, ukurasa wetu haukuwepo. Naandika hili na mkono unataka kuvunja kalamu. Mtu anakula chakula chako mbele yako, kisha anafuta mdomo na kukuuliza una ushahidi gani kwamba kulikuwa na chakula.

Dada alisimama na kusema ataleta mti wenyewe.

Walicheka, lakini mwenyekiti alikubali. Kibati kilikuwa ndani ya mti, mti umekimeza kwa miaka isiyoweza kughushiwa, na namba na mshale vilisema ulisimama wapi na kwa ajili ya nani. Hata mtu anayelipwa asione angelazimika kuona. Dada hakuugusa ule mti kwa chuma chochote. Alikuwa na brashi moja laini ya kuondoa vumbi la msumeno, basi. Aliacha gome, aliacha kuvu jeupe lililoota kama masikio, aliacha njia za mchwa na vipande vya kamba ya manila vilivyobaki kwenye misumari. Alisema ni kazi bora kuliko zote alizowahi kutengeneza na kwamba hakuitengeneza yeye.

Wiki mbili hivi kabla ya kikao tulipata habari kwamba shangazi amefariki Kitui. Dada alipaswa kwenda, alikuwa amelelewa naye mwaka mzima. Na wakati huo mlinzi wa mwenye mabati alikuwa ameanza kuulizauliza lile gogo linalala wapi. Basi tulikubaliana lisikae barazani. Nililipeleka kwa mkokoteni hadi kibanda cha wachongaji, ambako wanatujua tangu tukiwa wa kubebwa, na ambako hakuna mtu angeiba gogo kwa sababu magogo ndiyo makochi yao. Dada aliniambia jambo moja tu kabla hajapanda gari. "Kaa nalo. Usiliache peke yake."

Tulifika na mvua. Paa la kibanda lilikuwa linavuja kila mahali isipokuwa pale pale lilipokuwa halivuji tangu nikiwa mtoto. Niliwaelekeza wasukuma mkokoteni, wakaliegemeza gogo katika kona ya msasa, pakavu. Wanawake walikuwa wameshakwenda nyumbani. Nilijua ile ni kona gani. Niliijua kama ninavyojua mlango wa nyumba yetu. Lakini nilijiambia kwamba mimi niko hapa, nitasema.

Na siku mbili nilisema. Wanawake walikuja, wakaliona, nikawaeleza kwamba lile si la kazi, ni la dada. Wakasema sawa. Niliketi juu ya kigoda cha baba na kusikiliza tezo zikigonga, na moyo wangu ulijaa mambo ya zamani, nikamwambia kila mtu jinsi tulivyokuwa tukilala ndani ya maranda, mpaka nadhani waliyachoka maranda yangu. Siku ya tatu rafiki wa zamani alipita na lori tupu linaloelekea Emali kuchukua mchanga. Utingo wake alikuwa mgonjwa. Aliniambia, "Twende tu, kesho tuko hapa." Nikatazama gogo, nikatazama barabara. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa inang'aa. Nilimwomba kijana wa kisu awaambie wanawake wasiliguse, naye akaitikia bila kuinua kichwa. Baadaye niligundua kwamba mchana huo huo yeye naye alikwenda kwao.

Lori liliharibika Sultan Hamud. Nilirudi baada ya siku nne.

Sitasahau nilichokiona. Gogo lilikuwa limesimama upande wa pili wa ukuta, upande wa vitu vilivyokwisha. Lilikuwa jeusi. Liliteleza kama shavu la mtoto aliyepakwa mafuta. Gome lote limetolewa, kuvu limetolewa, misumari imeng'olewa mmoja mmoja kwa uvumilivu, na kila tundu limezibwa kwa unga wa mbao na gundi, kisha msasa mkavu, kisha msasa mwororo, kisha rangi ya viatu, kisha nta. Pale kibati kilipokuwa palikuwa na kiraka kilichozibwa vizuri mno hata mimi nililazimika kukitafuta kwa kidole.

Mwanamke mkubwa wa kona, ambaye alimfundisha dada kazi hiyo, alinipokea kwa furaha. Siku waliyolipiga msasa yeye na wenzake wawili walikuwa wametoka kwenye harambee ya kanisa na kukuta kona imesafishwa, mimi sipo, na gogo liko mahali pa kazi. Nilikuwa nimewaambia si la kazi, lakini wakafikiri nimekwenda kwa sababu sasa kazi imeruhusiwa. Na walikuwa wamesikia kwamba dada ana kikao na wakubwa.

"Tuliona aibu," aliniambia. "Msichana wetu aende mbele ya watu na mti wenye magamba kama mgonjwa? Watasema hakufundishwa. Tumemfanyia bure, mwambie. Mikono yake ilitosha utotoni."

Nilitaka kupiga kelele na sikuwa na wa kumpigia. Hawa walikuwa na magoti yenye maji na vifua vilivyojaa vumbi, na walitoa siku mbili za maisha yao kwa ajili ya heshima ya mtoto wao. Walifanya walichofundishwa na kibanda kile kwa miaka yote. Hasira yangu ilizunguka ikarudi kukaa kwangu, mahali pake. Niliuliza tu kibati kiko wapi.

Takataka za kona huuzwa pamoja na maranda kwa wafuga kuku. Gunia la wiki hiyo lilikuwa limekwenda Kayole. Nilikwenda Kayole kwa miguu, nikazunguka mabanda ya kuku nikiuliza habari ya bati, na watu wakinitazama kama mtu aliyeachiliwa mapema hospitalini. Katika banda la tano, mama mwenye kuku aliniruhusu nichakure. Nilipiga magoti kwenye mavi ya kuku pamoja na kuku wenyewe, nao hawakupenda ushindani. Nilikipata kimekunjwa mara mbili. Namba saba ya baba ilikuwa bado inasomeka, na mkato wake katikati.

Dada alirudi siku moja kabla ya kikao. Nilikuwa nimelirudisha gogo barazani na kulifunika, nikaanza kueleza kabla hajaweka mkoba chini. Alilifunua. Aliupitisha mkono kutoka juu hadi chini, taratibu, kwa kiganja kilichofunguka, jinsi walivyofundishwa kukagua kazi.

"Wamefanya vizuri," alisema. "Huu ni mkono wa yule mama." Kisha akaniuliza, "Uliliegemeza kona gani?"

Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza. Nilimjibu. Akaingia ndani kupika chai, na nilisikia sufuria ikiwekwa chini, ikainuliwa, ikawekwa tena.

Tulikwenda hata hivyo. Alisema ameahidi mti na ataleta mti. Tulilibeba gogo watu wanne hadi ndani ya chumba cha kikao, likasimama kwenye kapeti yao, na kibati kikawekwa mezani. Dada alieleza kila kitu, mti, kibati, baba, kibanda, kona, bila kupunguza hata kosa langu. Alizungumza vizuri kuliko mwanasheria wa yule bwana. Alililaza gogo akawaonyesha kitako chake, mahali pekee ambapo msasa haugusi kwa sababu hakuna mnunuzi anayetazama chini, na pete za miaka zilikuwa pale, zimebanana.

Mwenyekiti alisema miti ni mingi Nairobi. Alikishika kibati kwa kucha mbili na kusema bati huokotwa popote. Kisha alizunguka meza, akaligonga gogo kwa pete yake, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Lakini hii kitu ni safi, madam. Unauza?"

Kamati ikacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Walikuwa wamefurahi kweli. Muda wote tulipowaeleza habari za mti wenye makovu hawakutaka kusikia, na ulipofutwa kila kitu ukawapendeza. Na yule mwenye mabati, kwa sauti yake ya kufariji wafiwa, alisema angependa kulinunua yeye, bei ya kutosha, aliweke mapokezi ya ghorofa atakazojenga, liwe ukumbusho wa mazingira. Alilitamka hilo neno, mazingira, akimtazama dada kama mtu anayempa pipi. Mimi nilisimama. Dada alinivuta shati, nikakaa.

Waliamua kwamba hakuna ushahidi wa kutosha. Tunaweza kukata rufaa, walisema, na tumekata. Inasubiri katika ofisi nyingine, chini ya mafaili mengine, na kila tukienda tunaambiwa aliye na ufunguo wa kabati yuko likizo.

Jumamosi iliyofuata niliamka nikamkuta dada nje na jembe. Kati ya mabati na nyumba zetu imebaki njia ya umma, nyembamba, na ndiyo njia pekee ya lori kufika kwenye geti la yule bwana. Alikuwa anachimba shimo kandoni mwa njia hiyo, upande wa mabati, hatua chache kutoka getini. Nilimpokea jembe, nikachimba mpaka magotini. Majirani wawili waliotuona walikuja kushika, hata mmoja wa wale walioogopa kushuhudia. Tulilisimamisha gogo ndani, tukajaza mawe na udongo. Lilisimama pale jeusi, linang'aa kwenye jua, la aibu, kama mtu aliyevaa suti kwenye foleni ya maji.

Nilitoa kibati mfukoni. Nilikuwa nimekinyoosha kwa nyundo usiku uliopita. Dada alitikisa kichwa. Alisema kile ni cha baba, mti ulikishika wenyewe, na sisi hatuwezi kuushikisha. Tukikipigilia leo ndipo tutakuwa waongo kama wao. Akanipa msumari mpya, wa inchi nne, na nyundo.

"Juu," alisema. "Pale pa mama."

Nilipiga. Nta ilipasuka kuzunguka msumari na mbao nyeupe ikatokeza chini ya weusi, na ninakiri nilipiga zaidi ya ilivyohitajika. Kabla sijashusha nyundo jirani wa mkono wa kushoto alikuwa ameleta msumari wake, kisha wa nyumba ya pili. Kufikia saa sita kamba zilikuwa zinatoka kwenye gogo kuvuka njia hadi kuta za nyumba na nguzo za stima, nguo za wiki nzima zikiwa juu yake, shuka, sare, suruali za watu wakubwa wasio na aibu, na usingeweza kupitisha hata baiskeli bila kuinama.

Saa saba lori la kokoto lilikuja likasimama, likapiga honi. Mlinzi wa geti alitoka, akatazama nguo, akatazama gogo. Ni kijana wa mtaa, hakutaka ugomvi.

"Sasa mathee, hii lori itapita aje?"

Dada alikuwa ameinama akikamua shati langu ndani ya karai. Alimwambia lori lisubiri zikauke.

Zilikauka saa kumi. Wakati huo jirani mwingine alikuwa ameanza kufua. Dereva alizima injini, akageuza lori kwa shida, akarudi nalo barabarani. Tangu hapo wanawake wamejipangia siku, hakuna aliyewaambia, na hakuna siku ya wiki ambayo njia hiyo haina nguo mbichi. Murram kule ndani imeanza kuota majani. Wiki ya tatu yangu imepita zamani na niko hapa. Zamu yangu ya kufua ni Alhamisi.